Joto kwa Jina la Joodar

Naryn, 14 Oktoba 2017

Mwanangu Joodar,

Asalaam aleikum. Shangazi yako Zuurakan ni mzima, magoti ndiyo yananidai uzee kabla ya wakati. Na wewe afisa unayesoma barua hii kabla haijamfikia mwenyewe, salaam kwako pia. Tafadhali usinimwagie wino. Nimefundisha shule miaka thelathini na moja, mwandiko wangu hauhitaji kusahihishwa.

Binti yangu Kanyshai amejifungua mtoto wa kiume wa kilo nne na nusu. Baba mkwe wake anatangaza mtaa mzima kwamba mtoto kafanana naye, masikini mtoto wa watu. Mama yako alipiga simu kutoka Urusi. Bado anafagia ngazi za maghorofa, na kila akikutaja analia, nikamwambia alie akishakata simu, maana dakika zinakwisha.

Sasa habari ya nyumba yetu. Vijana ni saba kwenye vitanda vinane, wote wametoka gerezani mwaka huu, na mkubwa wao ni Taalai wa miaka ishirini na minne. Wanapinda fito za mierebi za mahema na kuzipaka rangi nyekundu, na Taalai amekuwa fundi kweli, ingawa anaimba vibaya mno. Kitanda cha nane ni chako. Nimekitandika tayari na sitaki mtu akikalie.

Nimeongea na wakili. Mahakama itakaa Aprili kuamua kama utoke mapema. Wanachotaka ni hati kutoka kwenye nyumba inayofanya kazi, yenye joto, chakula na mtu wa kukusimamia. Hati hiyo ninaiandika mimi. Nyumba ikiwa wazi Aprili, unatoka. Nyumba ikifungwa, unamaliza kifungo chako hadi Novemba 2019. Ndivyo alivyonieleza, na nimekuandikia hivyohivyo ili usije ukasema nilikuficha.

Ruzuku ya serikali ya miezi hii mitatu bado haijafika. Wamebadilisha fomu. Usijali, serikali huchelewa kama bibi harusi, ila hufika.

Kula vizuri. Vaa soksi mbili.

Shangazi yako,
Zuurakan

*

Koloni ya wafungwa, bonde la Chüy, 2 Novemba 2017

Shangazi yangu mpenzi,

Waaleikum salaam. Nimecheka habari za mtoto wa Kanyshai hadi jirani yangu wa kitandani akanitupia kiatu. Mpe hongera. Mama akipiga tena mwambie nimenenepa. Si kweli, lakini mwambie.

Niko kwenye karakana ya mbao. Nimeumia kidogo mkono wa kushoto, randa iliteleza. Vidole viwili bado havikunjiki, lakini ninaandika kwa wa kulia, kwa hiyo usianze kuhangaika.

Hapa kuna wanaofanya kazi na kuna wanaolishwa. Mimi niko na wanaofanya kazi. Wale wengine wameniita mara kadhaa kunywa nao chai. Ninawaambia tumbo linaniuma. Tumbo langu linauma tangu Agosti, Shangazi, sijui kama kuna daktari anayeweza kulitibu.

Juzi mmoja wao aliniuliza kama ni kweli nina shangazi mwenye nyumba ya vijana huko Naryn. Sikumwambia mimi. Nikasema nina mashangazi wengi. Akacheka, akaniuliza kama nyumba ina baridi.

Nikitoka nataka kulala siku tatu, halafu nile ule mkate wako wa siagi, halafu nianze kazi na Taalai. Nafikiria hilo kila asubuhi tukipangwa kuhesabiwa. Aprili si mbali.

Ruzuku ikifika niandikie upesi.

Mwanao,
Joodar

*

Naryn, 1 Desemba 2017

Joodar wangu,

Asalaam aleikum, na kwa afisa pia. Barua yako imenifikia baada ya wiki tatu, nadhani imekuja kwa miguu. Huku theluji imefika madirishani. Mtoto wa Kanyshai tumempitisha sherehe ya siku arubaini, tukamwogesha kwa vijiko arubaini vya maji, akapiga kelele kila kijiko. Mkono wako ukandwe kwa mafuta ya kondoo, na hiyo randa uiangalie. Ulikuwa mtoto wa mikono mizuri, sijawahi kukuona ukijikata hata kwa kisu cha jikoni.

Ruzuku imekataliwa. Nilikwenda mwenyewe ofisini, nikakaa saa nne kwenye benchi. Dirisha la kwanza wakaniambia: "Mama, sisi tunahudumia vijana, hawa wako ni wafungwa." Dirisha la pili: "Mama, sisi tunahudumia wafungwa, hawa wako wameshatoka." Nikawauliza, "Kwa hiyo hawa wangu ni nani?" Binti wa dirishani akaniangalia kwa huruma, akaniambia nijaze fomu ya mwakani.

Nikarudi nyumbani nikalia jikoni, nakueleza ukweli. Stoo ilikuwa na ndoo sita za makaa. Nje digrii ishirini na nane chini ya sifuri. Nilikuwa ninafikiria kuwatawanya vijana, na nikiwatawanya, hati yako inakwenda nao.

Sasa sikiliza jinsi Mungu asivyomtupa mja wake. Jumatatu lori likasimama mlangoni. Makaa ya mgodi wa Kara-Keche, yale mazuri, tani tano! Akashuka na wenzake wawili bwana mmoja wa miaka hamsini hivi, koti la ngozi ya kondoo, sauti ya chini, adabu tele. Jina lake Oktom. Akavua kofia kabisa.

"Mama, tumesikia watoto wanapata baridi," akasema. "Tumewaletea joto kidogo."

"Mmetumwa na ofisi?"

"Ofisi!" Akacheka taratibu. "Sisi ni watu tu. Joto hili mnalipokea?"

"We mtoto wa nani wewe? Naryn hii, mwezi huu, nani anakataa joto?"

"Lazima useme mwenyewe, mama. Mnalipokea?"

"Tunalipokea, tena kwa mikono miwili."

"Kwa jina la nani?"

Nikaona ni mtu wa mila, anataka dua ya shukrani kama wazee wetu. Moyo ulikuwa umejaa. Nikafungua viganja, nikasema kwa sauti, "Kwa jina la Joodar wangu, mtoto wa kaka yangu, arudi salama alale kwenye joto hili. Omin." Na wao wote watatu wakapangusa nyuso, omin. Wakaonja mkate wangu wakaenda zao. Hawakuomba hata sahihi.

Kitu kimoja tu. Taalai alipoliona lile lori aliacha koleo likaanguka. Siku hiyo hakula. Nilipomuuliza akasema tumbo linamuuma. Nyinyi vijana mna matumbo gani?

Lala vizuri mwanangu. Kitanda chako sasa kiko karibu na jiko.

Shangazi Zuurakan

*

Koloni, 12 Desemba 2017

Shangazi,

Natumaini wewe na wote mko wazima. Mkono unaendelea vizuri.

Barua yako imefika leo na ninaijibu leo hii hii.

Shangazi, msipokee joto. Vaeni makoti. Choma hata fito za mierebi, choma kitanda changu, lakini

[mistari sita imefutwa kwa wino]

kwa sababu hapa neno hilo lina

[mistari miwili imefutwa kwa wino]

Muulize Taalai. Muulize mkiwa wawili tu. Mwambie nimesema mimi.

Na jina langu usilitaje tena mbele ya mgeni yeyote, hata kwenye dua. Tafadhali Shangazi. Sijawahi kukuamrisha kitu maishani.

Joodar

*

Naryn, 11 Januari 2018

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Heri ya mwaka mpya. Barua yako ya tarehe 12 Desemba imefika juzi, mwezi mzima njiani, na imefutwa nusu. Afisa, tulikuwa tumeelewana mimi na wewe.

Mama yako amempata dada mmoja wa ukoo wetu, kutoka Osh, wa kukaa naye chumba kimoja, sasa hayuko peke yake. Ng'ombe wetu ana mimba. Kanyshai amerudi kwa mumewe baada ya kununa siku mbili kwetu, sababu ilikuwa chumvi.

Nilisoma maneno yako kwa sauti mezani: "Msipokee joto, vaeni makoti." Vijana wote wakaweka vijiko chini. Mimi nikacheka, nikasema jela imemfanya Joodar mchumi, anataka tubane makaa. Hakuna aliyecheka. Nilimuuliza Taalai kama ulivyosema, tukiwa wawili zizini. Akaniangalia miguuni, akasema, "Mama, makaa yenyewe tumeshayachoma. Nikueleze nini?" Akaenda kukata kuni.

Oktom alikuja mara mbili. Kwanza alileta unga magunia kumi pamoja na nyama ya nusu farasi, tukala nyama wiki mbili. Mara ya pili hakuleta kitu. Aliuliza tu kama kuna kitanda, ana mtu wake anayetaka kupumzika siku chache. Ningemkataliaje baada ya wema wote ule? Nikampa kitanda cha saba, maana kijana wetu Nurlan ameondoka. Nurlan amepata udereva. Ernis naye amepata udereva siku ya pili yake. Nimewauliza wanaendesha nini, wakaniambia gari. Wote wawili ni Oktom aliyewatafutia kazi, na wote wawili hawakuniaga kwa kunitazama machoni.

Huyo mgeni wa kitanda cha saba hatoki. Anakaa karibu na dirisha la barabarani. Vijana wanamwekea chakula kwanza kabla yangu mimi mwenye nyumba. Sijui ni nani aliyewaambia wafanye hivyo.

Labda nimezeeka tu na ninaona vitu. Jumatatu ninapeleka hati yako mahakamani, imeshapigwa muhuri.

Shangazi

*

Koloni, 24 Januari 2018

Shangazi Zuurakan,

Salaam.

Usipeleke hati. Nimebadilisha mawazo. Sitaki kuja Naryn. Kitanda mpe mtu mwingine.

Joodar

*

Naryn, 9 Februari 2018

Joodar,

Nakusalimu kwa sababu nimelelewa vizuri, si kwa sababu unastahili.

Mistari mitatu! Nimekulea tangu una miaka sita. Nimeuza kondoo kumi na wanne kumlipa wakili ulipoendesha lori la farasi wa watu, na sikukuuliza hata siku moja kama ulijua ni wa wizi. Nimefungua nyumba hii kwa sababu yako. Mwaka ule ulipofungwa nilikuwa sipati usingizi, nikajiambia siwezi kumtoa huyu, basi nitawapokea wengine hadi wangu atoke. Kila kijana niliyemfungulia mlango nilimwona wewe. Halafu unaniandikia kitanda nimpe mtu mwingine?

Unaogopa kutoka. Nimewaona wengi, wanaogopa duka, wanaogopa kuvuka barabara. Taalai alikaa wiki nzima anabisha hodi kwenye mlango wa choo. Hofu hiyo inapita. Nimekasirika lakini nimekuelewa.

Hati nimeshaipeleka. Iko mahakamani. Kesi yako itasikilizwa tarehe 17 Aprili.

Zuurakan

*

26 Februari 2018, kwa mkono wa mama wa maziwa

Shangazi yangu,

Barua hii haisomwi na mtu. Anayeileta anauza maziwa langoni kwetu, ana kaka yake huku ndani. Ukimjibu, mpe yeye.

Nisamehe ile mistari mitatu. Ningeandika minne ningelia, na hapa mtu halii.

Sasa nakueleza wazi. Wale wanaolishwa wana chungu chao. Kila mwizi aliye nje anatia, na chungu kinalisha waliomo ndani: chai, sigara, nyama, makaa. Kitu kinachotoka kwenye chungu kinaitwa joto. Anayepokea joto ni mtu wao. Haandikishwi popote, hakuna karatasi. Anaulizwa mbele ya mashahidi kama analipokea, na kwa jina la nani, basi. Ndiyo maana mimi tumbo linaniuma tangu Agosti. Ndiyo maana vidole vyangu havikunjiki, hakukuwa na randa. Walivibana kwenye mlango wa chuma kwa kukataa kikombe cha chai.

Halafu Desemba walikuja wakiwa wanacheka, wakaniwekea mkono begani. "Umekwisha kupokelewa, dogo. Shangazi yako amepokea kwa jina lako, amekuombea na dua." Tangu siku hiyo hakuna anayenigusa. Nimepewa kitanda cha chini karibu na jiko. Wanaofanya kazi hawaongei nami tena, wananipisha njia. Naona afadhali enzi za kupigwa.

Wanachotaka ni mlango wako, Shangazi. Kila kijana anayetoka magereza ya mkoa mzima anapita hapo. Wameniambia nitakapotoka nitakuwa msimamizi wa nyumba. Nitawapokea vijana wapya, nitawapa supu, na nitawauliza swali lile lile alilokuuliza Oktom. Nikikataa, deni ni lako, kwa sababu mdomo uliosema ndiyo ni wako. Mtu wa kitanda cha saba yuko hapo kwa ajili hiyo.

Hukujua. Mimi najua hukujua, na nimewaambia, na wao hawajali.

Joodar

*

Naryn, 18 Machi 2018, kwa mkono wa mama wa maziwa

Joodar wangu, roho yangu,

Sijui nianze na salaam gani. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Tunaandika habari za nyumbani kwanza, ndivyo nilivyokufundisha, basi hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama na nikashindwa kukaa. Nilimwita Taalai, akanieleza yote tangu mwanzo, na akaniambia alinyamaza kwa sababu ya mtu wa kitanda cha saba. Kijana wa watu amekula mkate mkavu tangu Desemba. Unga wa Oktom hajauonja. Amenunua wake dukani, anaupika pembeni, na mimi nilimtania kwamba ana deko! Nina aibu ambayo sijawahi kuipata.

Nilimfuata Oktom sokoni mwenyewe, mbele ya watu.

"Nataka kukurudishia makaa yako," nikamwambia. "Nitauza ng'ombe."

"Mama yangu, nani alikudai?"

"Nimejua ni nini. Sikupokea. Sikuelewa maneno yako."

"Ulielewa vizuri tu. Ulifungua na viganja." Akaninunulia pipi za wajukuu, akanitilia mfukoni mbele ya watu. "Joto halirudi kwa aliyelileta, mama. Linakwenda mbele. Subiri tu kijana aje."

Niliogopa, Joodar. Mtu anayekutukana unamjibu. Huyu alinisaidia kuvuka barabara.

Nikakimbilia ofisini. Nikawaambia nipeni ruzuku yangu, hata robo, niwatoe hawa watu nyumbani kwangu. Wakaja wenyewe wiki iliyopita, mkubwa wao na mpiga picha. Wakagusa jiko, wakaangalia stoo aliyoijaza Oktom, wakala nyama aliyoileta. Mtu wa kitanda cha saba aliwamiminia chai. Jana barua yao imefika. Wanasema nyumba yetu ni mfano wa kuigwa na mkoa mzima. Wanasema kwa kuwa tumethibitisha kwamba wananchi wanaweza kuihudumia wenyewe, ruzuku ya serikali haihitajiki tena. Mwishoni wanamshukuru Bwana Oktom kwa jina, na wanaahidi kutuletea vijana kumi na wawili badala ya wanane.

Nimeisoma mara nne. Nilifundisha kusoma na kuandika maisha yangu yote na sijawahi kuona karatasi mbaya kama hiyo.

Najua ninachotakiwa kufanya. Nyumba nikiifunga, hawana mlango. Lakini nikiifunga hati yako inakufa, na wewe unabaki humo na watu hao hadi Novemba ya mwakani. Siwezi, mwanangu. Nimezishika funguo nimesimama uani, nimeshindwa. Uje kwanza. Ukifika tutakimbia, tutakwenda kwa mama yako, tutafagia ngazi wote watatu. Niambie ndiyo.

Shangazi yako

*

2 Aprili 2018, kwa mkono wa mama wa maziwa

Shangazi,

Ndama mpe jina zuri.

Tukikimbia, watamfuata Kanyshai na mtoto wake. Wameshanitajia jina la mtaa wao. Kwa hiyo usifikirie tena hilo.

Nimefikiria njia moja na nimeipitia kila upande. Uliponipokelea, ulinipokelea kama ndugu. Jina la mtu wa nyumbani ndilo linalobeba deni. Mzee mmoja hapa, wa wanaofanya kazi, ambaye bado anathubutu kuongea nami tukiwa msalani, ameniambia kwamba hata kwa sheria yao, mtu hawezi kumpokelea asiye wake. Kama mimi si wako, dua yako ingekuwa maneno ya bibi mmoja mropokaji, si zaidi. Inabidi niseme mimi, hadharani, na wao wawepo. Watakuwepo mahakamani, hawakosi.

Wewe funga nyumba. Watawanye vijana kabla ya tarehe 17, kila mmoja kwa mtu asiyejulikana. Taalai anajua wa kwenda wapi.

Mahakamani usije. Najua utakuja. Basi ukija, kaa nyuma, usilie, na usiniite. Lolote nitakalosema, usiniite.

Mimi miezi kumi na tisa naiweza. Ila kuwa mtu wa kusimama mlangoni kwako na kuwauliza watoto wa watu swali lile, hilo siliwezi.

Joodar wako, mara hii ya mwisho kuandika hivyo.

*

Naryn, 6 Mei 2018

Kwa mfungwa Joodar,

Asalaam aleikum. Hatujuani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Naryn, na nimeruhusiwa kuwaandikia wafungwa wasio na ndugu. Afisa anayesoma hii anaweza kuisoma yote, haina siri.

Nilikuwa mahakamani tarehe 17 kwa shughuli zangu nikasikia kesi yako. Nilikaa benchi la nyuma. Mbele yangu walikaa mabwana wawili wenye makoti mazuri, na mmoja wao alinigeukia akanipisha nafasi ili nione vizuri. Umekonda sana, kijana. Mkono wako wa kushoto uliuficha mgongoni.

Hakimu alikuuliza kama uko tayari kuishi kwa shangazi yako. Ukasema huna shangazi. Akapekua faili, akasema, "Zuurakan huyu hapa, hati yake hii hapa, na nadhani ni yule mama pale nyuma. Mwangalie." Ukageuka ukaniangalia. Ukasema, "Yule mama simjui. Aliyoyasema juu yangu amejisemea mwenyewe." Hakimu akakuuliza kama una akili timamu. Ukasema ndiyo. Akafunga faili.

Nakuarifu kwamba niliyetajwa sikulia. Nilitoka nje nikatembea hadi stendi, na sikumwita mtu kwa jina lolote.

Kulikuwa na nyumba ya vijana huku Naryn. Imefungwa tangu tarehe 12 Aprili. Madirisha yamepigiliwa mbao. Ofisi imeandika kuuliza sababu, kwa kuwa ilikuwa mfano wa kuigwa. Vijana watano waliobaki hawakula chochote siku ya kuondoka, walibeba fito zao begani. Mkubwa wao amepata kazi ya useremala mahali ambapo sitapataja, na bado anaimba vibaya. Wawili wale waliopata udereva sijui walipo. Nawaombea bila kutaja majina.

Bwana mmoja alinijia uani wiki ile ile ya kesi. Alikaa kwenye ngazi yangu, akaniuliza kwa upole, "Mama, yule kijana ni nani wako?" Nilikuwa nimeshika ndoo ya maziwa. Nilikumbuka watu niliowahi kuwapenda, wote, mmoja mmoja. Nikamwambia simjui. Akasubiri. Nikamwambia tena, nilisema jina nililolisikia tu, mimi ni bibi mropokaji. Akavaa kofia yake, akasema, "Haya. Basi tutamuuliza yeye." Akaondoka. Hajarudi hadi leo, na kitanda cha saba kiko wazi.

Sielewi alikuwa na maana gani kusema watakuuliza wewe. Nadhani naelewa.

Mama wa maziwa anasema hujaonekana karakana tangu tarehe 24. Anasema kitanda chako kina mtu mwingine. Wengine wanamwambia umehamishiwa hospitali, wengine koloni nyingine. Nimeandika kwa mkuu wa koloni. Wamenijibu kwamba taarifa za mfungwa hutolewa kwa ndugu zake tu.

Kwa hiyo nakuomba, kijana, kama mtu asiyekujua anavyoweza kumwomba mwingine. Karatasi tupu na bahasha nimeziweka humu ndani, stempu nimeshazibandika. Hata ukitaka kuniambia tena kwamba hunijui, niandikie.

Zuurakan
mwalimu mstaafu